Mgonjwa wa Ini Anapoanza Kukosea Chenji

Mzee mwenye sirosisi ya ini, yaani ini lililojaa makovu, anaweza kuketi mbele ya daktari mjini Nyeri, akataja siku na mwezi bila kusita, akauliza hali ya barabara ya Karatina, akaandikiwa tarehe ya kurudi na kuruhusiwa kwenda. Jioni hiyohiyo anamrudishia jirani chenji ya mia tatu badala ya mia moja alipokuja kununua maziwa. Kesho yake anatuma M-Pesa kwa namba ya mtu asiyemjua. Wiki haijaisha, amefoka kwa jambo ambalo zamani angelipuuza. Nyumbani watasema ni uzee. Majirani watasema pombe ya ujanani imemrudi. Wachache watafikiria ini.

Kitabibu tatizo hili huitwa ensefalopathia ya ini, yaani ubongo kuvurugika kwa sababu ini limeshindwa na kazi yake. Madaktari huipanga katika ngazi 4. Katika ya kwanza mgonjwa hukosa umakini, huteleza kwenye hesabu ndogo, na usingizi wake huharibika. Katika ya pili hupoteza majira na viganja hupigapiga. Katika ya tatu huchanganyikiwa na kusinzia sana, na ya nne ni kupoteza fahamu kabisa. Chini ya ngazi hizo zote iko hali nyepesi zaidi, ambayo huonekana kwa vipimo tu. Hiyo pamoja na ngazi ya kwanza ndiyo huitwa ensefalopathia iliyojificha, na ndiyo tunayoitafuta hapa. Mwongozo uliotolewa 2014 na vyama vya wataalamu wa ini vya Marekani na Ulaya unasema aina nyepesi kabisa inaweza kuwapata kati ya asilimia 20 na 80 ya wagonjwa wa sirosisi. Pengo hilo kubwa lina maana yake: anayetafuta kwa bidii ndiye anayeipata.

Kuigundua kuna faida. Aliye nayo yuko karibu zaidi na kuchanganyikiwa waziwazi na kulazwa hospitalini, huanguka kwa urahisi, na akiendesha gari ni hatari kwake na kwa wengine. Tena inatibika. Utafiti uliofanywa nchini India na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii waliopewa sharubati ya laktulosi waliimarika kiakili, na maisha yao ya kila siku yakawa bora.

Kanuni ya makala haya ni moja: mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe alivyokuwa. Daktari humwona kwa dakika chache tu, naye siku hiyo amevaa koti zuri na kujikaza. Ninyi mnaoishi naye ndio mnaojua jana alikuwaje.

Kwa nini akili iguswe

Bakteria wa utumbo huvunjavunja protini na kutoa amonia. Ini zima huigeuza kuwa urea, nayo hutoka kwa mkojo. Ini lenye makovu halina seli za kutosha kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo, damu ya kutoka utumboni ikikuta njia imebana hujipenyeza kwenye mishipa ya pembeni, ikalipita ini bila kusafishwa, na amonia ikafika ubongoni.

Vinavyoharibika kwanza ni umakini, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kushika mambo mawili kwa pamoja. Ufasaha wa kusema na kumbukumbu za zamani hubaki. Ndiyo maana guka (babu) atakusimulia ujana wake bila kukosea jina, lakini mkatize akiwa anahesabu pesa naye hajui alikuwa amefikia wapi.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, pombe ndiyo husingiziwa kila ugonjwa wa ini. Kweli inahusika, lakini haiko peke yake. Kuna homa ya ini aina ya B, ambayo chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga Kenya mwishoni mwa 2001, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Kuna mafuta kwenye ini, yanayoandamana na kisukari na unene. Kuna pia kichocho cha utumbo, kinachojulikana sana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, ambacho hutia makovu kandokando ya mshipa unaoingia kwenye ini. Kwa hiyo usimwulize mgonjwa anayekosea hesabu, "Umekunywa?" na kuishia hapo. Huenda hajaonja tone kwa miaka.

Hatua ya 1: Tazama kazi anayoijua zaidi

Chagua kazi 3 ambazo amezifanya kwa muda mrefu bila kufikiri sana, uandike sasa hivi anazifanyaje. Kwa mchumaji chai wa Othaya, tazama kama bado anachuma majani mawili na kichipukizi, au kikapu chake kimeanza kukataliwa kwenye kituo cha kununulia majani. Kwa mkulima wa kahawa, angalia kama anachanganya buni mbichi na zilizoiva wakati wa kuchuma. Mfanyabiashara wa soko la Karatina atajulikana kwa chenji, na kwa kumwuzia mteja wa pili bei tofauti na ya mteja wa kwanza. Mweka hazina wa chama atajulikana kwa daftari: mistari iliyorukwa, jumla zisizolingana, jina lililoandikwa mara mbili. Kijana wa bodaboda ataanza kushindwa kwenye drafti ya vifuniko vya soda na wale aliozoea kuwashinda.

Mengine hayategemei kazi. Anakosea namba yake ya siri ya simu. Anapika chai na kusahau majani. Anaanza kufunga vifungo vya shati akiruka kimoja. Anauliza swali lililojibiwa punde. Anapoteza mahali kwenye kitabu cha nyimbo kanisani. Kosa moja si ugonjwa, kwani kila mtu huteleza. Ongezeko la makosa ndani ya wiki chache kwa mtu mwenye sirosisi ndilo la kuandikwa, pamoja na tarehe.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu usingizi na hasira, na umwulize mtu mwingine

Mwenye tatizo hili mara nyingi hajioni. Ukimwuliza atakwambia yuko sawa, na atakuwa mkweli kwa anavyojijua. Kwa hiyo mwulize mkewe, mumewe au mtoto anayelala nyumba hiyo, na umwulize kando ili asilazimike kumwaibisha mwenzake.

Swali la kwanza ni usingizi: je, analala mchana na kukesha usiku? Mgeuko huu wa usingizi ni kati ya dalili za mapema. Kule Meru, tenga kwanza suala la miraa, kwa sababu anayetafuna hukesha kwa sababu nyingine. La pili ni tabia: mpole amekuwa mkali, mchangamfu amenyamaza, au mtulivu anachekacheka bila sababu. La tatu ni mwendo: je, amejikwaa au kuanguka hivi karibuni mahali alipopazoea?

Hatua ya 3: Wanyama kwa dakika moja

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, hakihitaji karatasi wala kusoma. Mwombe mgonjwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa sekunde 60. Weka saa ya simu, andika kila mnyama, usimsaidie.

Kipimo hiki kilifanyiwa kazi na watafiti wa Padova, Italia, waliochapisha matokeo yao 2017. Kwa hesabu yao, anayetaja 15 au zaidi hana dalili ya tatizo, wa kati ya 10 na 14 anatiliwa shaka, na wa chini ya 10 huenda ameathirika sana. Walirekebisha hesabu kwa waliosoma chini ya miaka 8 na kwa waliopita umri wa miaka 80. Kwa hiyo cucu (nyanya) aliyeachia shule darasa la nne asihukumiwe kwa tarakimu ya profesa. Tarakimu iliyo na uzito kwako ni yake mwenyewe ya mwezi uliopita. Aliyetaja 18 kisha akashuka hadi 12 amekupa habari kubwa kuliko aliyetaja 13 mara zote.

Ili kipimo kiwe na maana, shika kanuni hizi:

• Kifanyike kwa lugha anayoiota: Kikuyu, Kimeru, Kiembu au Kiswahili. Akichanganya lugha, mkubalie, ila njogu na ndovu ni mnyama mmoja, na mmoja huhesabiwa mara moja.

• Amueni mapema kama ng'ombe, fahali na ndama ni mmoja au watatu. Andikeni uamuzi huo, msiubadilishe.

• Ndege, samaki na wadudu wanakubaliwa.

• Mpimeni saa ileile ya siku, ameshakula, mahali pasipo na redio wala wageni.

• Msirudie kila siku. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, la sivyo atakariri orodha.

Kuna suala la adabu. Katika nyumba nyingi za Nyeri haipendezi mwana kumpima babake akili, na mzee anaweza kukataa kwa haki. Mpe mjukuu kazi hiyo. Mjukuu aliyepewa jina la guka ana ruhusa ya kumtania ambayo babake hana. Wanaweza kushindana, mtoto naye akataja wake baadaye. Mzee akiuliza ni ya nini, mwambie ukweli: ini linaweza kuchosha akili, na daktari anataka kujua mapema. Usimfiche, kwa kuwa siku ya kumwomba aache kuendesha gari utahitaji akuamini.

Hatua ya 4: Sahihi, nyota na namba

Kwa aliyezoea kalamu, nunua daftari moja la shule. Kila Jumapili aandike tarehe, jina lake na sentensi moja, kisha achore nyota yenye ncha tano. Usimwonyeshe ya wiki iliyopita. Mwandiko ukianza kutetemeka na kupanda juu ya mstari, au ncha za nyota zikikosa kukutana, utaliona badiliko kurasa zikiwekwa pamoja.

Kingine ni kuunganisha namba. Chora vijiduara 25 vilivyotawanyika kwenye karatasi, kila kimoja na namba yake, umwombe apitishe mstari kutoka 1 hadi 25 kwa mpangilio huku ukipima muda. Akikosea, mrudishe pale alipokosea, saa ikiendelea. Tengeneza karatasi mbili zenye mpangilio tofauti ili asizikariri. Chimbuko la kipimo hiki ni majaribio ya akili ya jeshi la Marekani ya 1944, na bado kimo katika mkusanyo wa vipimo vitano vya karatasi uliotengenezwa Ujerumani na kutumiwa na wataalamu wa ini hadi leo. Hapa pia umri, shule na macho huathiri matokeo: asiyeona vizuri bila miwani atachelewa hata ini lake likiwa zima.

Ipo vilevile programu ya simu iitwayo EncephalApp, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Virginia, Marekani. Inapima kasi ya mtu kutambua rangi wakati neno linalosomeka linataja rangi nyingine. Inamfaa msomaji aliyezoea simu ya kugusa, na haimfai asiyetofautisha rangi.

Hatua ya 5: Mikono

Mwambie anyooshe mikono mbele, atanue vidole, akunje viganja kwenda juu kana kwamba anasimamisha matatu. Akae hivyo kwa nusu dakika. Viganja vikianguka ghafla na kurudi juu, tena na tena, tatizo limeshatoka mafichoni. Hapo usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo.

Hatua ya 6: Toa yanayofanana nayo

Si kila kuchanganyikiwa kwa mgonjwa wa ini kunatoka kwenye ini. Sukari ikishuka, mtu hupotea akili, na ini bovu hushusha sukari kwa urahisi. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na serikali Septemba 2023 wana kipima sukari, kwa hiyo muite wa kijiji chenu. Aliyeanguka na kugonga kichwa, hata wiki kadhaa nyuma, anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu. Aliyeacha pombe ghafla hutetemeka, hutoka jasho na kuona mambo yasiyokuwepo ndani ya siku chache. Mlevi wa muda mrefu asiyekula vizuri anaweza kukosa vitamini B1, akayumba na macho yakachezacheza, na hiyo ni dharura. Pia kuna huzuni ya muda mrefu, chumvi ya damu kushuka na uzee wenyewe. Kuyatenganisha haya ni kazi ya hospitali. Kazi yako ni kutaja kila ulichokiona.

Watu wengi hudai wapimwe amonia kwenye damu. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi tatizo hili. Sampuli inatakiwa kuwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara haraka, ikichelewa hutoa jibu la uongo. Faida yake kubwa ni pale jibu linapokuwa la kawaida: daktari hujua atafute sababu nyingine.

Tafuta kilichochokoza

Mgonjwa akishuka ghafla, mara nyingi kuna jambo lililomsukuma. Pitia orodha hii kabla ya kuondoka nyumbani, ili uwe na majibu:

• Amepata choo lini? Kufunga choo huipa amonia muda wa kuingia mwilini.

• Choo kimekuwa cheusi tititi, au ametapika damu?

• Ana homa, anaumwa tumbo, au mkojo unamchoma? Aliye na maji tumboni anaweza kupata maambukizi ndani ya maji hayo bila homa kubwa.

• Dawa za kukojoza zimeongezwa? Ameharisha au kutapika mpaka akakauka maji?

• Amepewa dawa ya usingizi, ya kutuliza wasiwasi, ya maumivu ya jamii ya morfini, au ya kikohozi yenye kodini? Mkesha wa mgonjwa huyu usitibiwe kwa vidonge vya dukani. Diklofenaki na ibuprofeni nazo aziepuke, kwani huumiza figo na kuleta damu tumboni.

• Amefunga kula kwa ajili ya maombi, au anatumia dawa za miti?

Ukifika kliniki

Usianze kwa kusema "amebadilika". Sema: "Mwezi uliopita alitaja wanyama 17, Jumapili hii 11. Amekosea pesa mara tatu. Analala mchana. Hajapata choo kwa siku tatu." Maneno hayo yanamfaa afisa wa kliniki wa kituo cha kijijini na daktari bingwa wa Hospitali ya Mwai Kibaki kule Othaya vilevile, na yanamfuata mgonjwa akihamishiwa Kerugoya, Embu au Nairobi. Ukiwa muuguzi unayesoma haya, dakika moja ya wanyama inaingia wakati unapima presha. Andika jibu kwenye kadi ya mgonjwa kila anapokuja.

Dawa inayotangulia ni laktulosi. Kipimo chake ni choo chenyewe: laini, mara 2 hadi 3 kwa siku. Ikiwa chini ya hapo, dozi haitoshi. Ikiwa ni kuharisha, imezidi, na kukauka maji kutarudisha mvurugiko uleule. Familia nyingi huiacha dawa mgonjwa anapolalamika kuhusu choo, kumbe choo ndicho kazi yake. Daktari anaweza kuongeza rifaksimini kwa aliyewahi kuchanganyikiwa waziwazi na tatizo likarudi.

Mambo mawili yasiyongoja daktari

La kwanza ni chakula. Bado wako wanaowanyima wagonjwa hawa maharagwe, mayai na maziwa kwa kuogopa protini. Ushauri huo umepitwa na wakati. Misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa aliyekonda huchanganyikiwa upesi. Wataalamu wanashauri gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 72 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60, aliye na maji tumboni akihesabiwa kwa uzito usio na maji hayo. Githeri, njahi, ndengu, maziwa na mayai vinafaa sana. Asikae na njaa mchana kutwa, na kabla ya kulala apate kikombe cha uji wa wimbi wenye maziwa au kipande cha nduma. Aliye na maji tumboni apunguze chumvi, protini abaki nayo.

La pili ni vyombo vya hatari. Mtu huyu anaweza kupita mtihani wa mazungumzo na kushindwa na lori linalokata kona ya mbele yake. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba madereva wenye hali hii hupata ajali zaidi, na wengi hujiona madereva wazuri. Mpaka daktari aseme vingine, matatu, pikipiki, mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe na msumeno wa mafuta vipate mikono mingine. Pesa nyingi na karatasi za shamba zishughulikiwe na watu wawili, yeye akiwa mmoja wao. Hivyo halindwi na makosa yake tu, analindwa pia na wajanja.

Ukishaanza matibabu, rudia vipimo vilevile baada ya wiki chache: wanyama, sahihi, nyota, namba. Tarakimu zikipanda, una ushahidi kwamba lilikuwa ini na kwamba dawa inafanya kazi, na mgonjwa mwenyewe ataona sababu ya kuendelea kuinywa. Zisipopanda, daktari anahitaji kulijua hilo pia, maana huenda dozi ni ndogo, kichokozi hakijapatikana, au sababu ni nyingine kabisa. Katika hali zote mbili, siku ya kliniki daftari liwe ndani ya mfuko mmoja na dawa.